Maiti kuzuiwa hospitali kwa deni: mtu na bili, kipi kikubwa?

#1 Mdadisi wa Mbagala
Wakuu, salaam.

Katiba yetu ya 1977, ibara ya 12, inasema binadamu wote huzaliwa huru na wote ni sawa, na kwamba kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Sijaona palipoongezwa "isipokuwa anayedaiwa". Lakini mtu akifia wodini na bili haijaisha, ndugu wanafika na sanda mkononi wanaambiwa waanzie dirisha la malipo. Mwili unabaki mochwari kama bodaboda iliyokamatwa ikapelekwa yadi.

Tena bodaboda ina afadhali, mwenyewe akishindwa inapigwa mnada. Maiti hospitali haiwezi kuiuza wala kuitumia. Inachokamua pale ni uchungu wa waliobaki, basi.

Mawaziri wa afya wamepita na matamko yao kwamba ni marufuku kuzuia maiti. Tamko linasomwa kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku, asubuhi dirisha la malipo linafunguliwa kama kawaida.

Dai langu: taasisi iliyofika hapo imeshaamua kwamba fedha iko juu ya mtu. Anayebisha aje na hoja, matusi ayaache nyumbani.

#2 Kichwa Ngumu
Nimekaa siti ya mbele. Wauza karanga wapite.

#3 Mtumishi wa Wodi
Mleta mada umeanzia mwisho wa hadithi.

Nafanya kazi hospitali ya serikali, sitaitaja. Watu wanadhani kila kitu kinashuka kutoka Hazina. Mshahara wangu ndiyo unatoka huko. Lakini dawa nyingi tunanunua kwa mapato ya ndani, yaani hiyo hiyo hela mnayolipa dirishani. Vibarua wa usafi humo humo, mafuta ya jenereta humo humo, balbu ya chumba cha upasuaji ikiungua humo humo.

Sasa mgonjwa amelazwa chumba cha mahututi. Oksijeni, damu, vipimo kila asubuhi, na hakuna aliyemwambia lipa kwanza ndipo upumue. Amefariki, Mungu amrehemu. Ndugu wakiondoka na mwili, namba za simu walizoandikisha zinakuwa hazipatikani. Mnajua nani analipa? Mgonjwa wa wiki ijayo, anayeambiwa dawa zimeisha, kanunue nje. Huyo naye ni mtu au mtu ni yule aliyekufa tu?

#4 Mama Zuhura
Mtumishi, umesema maiti. Mimi niseme walio hai.

Mdogo wangu alijifungua kwa operesheni, mtoto akafariki siku ya pili. Ruhusa ya daktari ikatoka, ya mhasibu haikutoka. Akawekwa wodi ileile na kina mama wanaonyonyesha, maziwa yanamtoka, hana wa kumnyonyesha. Na kila kukicha bili inaongezwa pesa ya kitanda, kwa siku ambazo wao ndio waliomzuia asiondoke! Mlinzi anamfuata mpaka mlango wa choo. Mume wake akauza shamba la mihogo kwa bei ya kutupa ndipo wakamwachia.

Mniambie hapo dawa ya mgonjwa wa wiki ijayo ilinunuliwa na nini. Kitanda kilikaliwa bure na mtu mwenye afya yake na uchungu wake.

#5 Kichwa Ngumu
Pole sana dada. Karanga nimerudisha.

#6 Wakili wa Kijiweni
Mdadisi, hata bila Katiba jambo hili lilishaamuliwa zamani sana. Uingereza, mwaka 1841, bwana jela mmoja aligoma kutoa mwili wa mfungwa aliyefia mle mpaka alipwe alichokuwa anamdai. Mahakama ikamwamuru autoe. Msingi wake ni kwamba maiti si mali ya mtu, kwa hiyo haiwekwi rehani wala haikamatwi kufidia deni. Na Tanganyika tulirithishwa sheria hizo za Uingereza, tarehe ya kupokelewa ikiwa 22 Julai 1920.

Sijasema deni lifutwe. Deni la marehemu linadaiwa kwenye mirathi yake, kwa msimamizi wa mirathi, kama deni la duka au la benki. Ndugu hageuki mdaiwa kwa sababu tu amekuja kuchukua mwili. Aliyesaini kuwa mdhamini ndiye amejifunga, huyo hana pa kutokea.

#7 Chogo la Mwanza
Wakili, hiyo hukumu ya 1841 ilipanda meli gani? Maana kwenye dirisha la hospitali ya kwetu haijashuka bado.

Wazee walisema maiti haulizwi sanda. Siku hizi anaulizwa risiti.

#8 Wanjiru wa Thika
Hamjambo majirani. Huku kwetu mchezo ni uleule, ila sisi tunapenda korti.

Kuna kesi ya Mombasa ya 1998, Ludindi Venant dhidi ya Pandya Memorial, iliyosema hospitali haina haki ya kushikilia mwili ili ilipwe. Halafu 2015 Jaji Mumbi Ngugi akaamua kuhusu akina mama wawili waliozuiliwa hospitali ya Pumwani, Nairobi, baada ya kujifungua: kuwafungia kwa sababu ya deni kulivunja haki zao. Mama Zuhura, dada yako angekuwa huku angekuwa na kesi. Na kuna Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ibara ya 11: hakuna kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Tanzania nanyi mmo.

Sasa msidhani tumepona. Familia bado zinaacha hati ya shamba hospitalini ndio mwili utoke. Oktoba 2024 NHIF, bima yetu ya afya ya taifa, ikazikwa, SHA ikazaliwa kushika nafasi yake, na wagonjwa wakajipata katikati wakiambiwa mtandao uko chini. Sheria tunazo nzuri hadi zinameremeta. Mtu wa kawaida hana pesa ya wakili, na msiba haungoji tarehe ya kusikizwa.

#9 Mjukuu wa TANU
Ndiyo matunda ya kuua Azimio la Arusha haya. Ahadi ya kwanza ya mwana-TANU ilikuwa binadamu wote ni ndugu zangu na Afrika ni moja. Wakati wa Mwalimu Nyerere, tangu uhuru mpaka anang'atuka, hakuna Mtanzania aliyelipa hata senti moja kutibiwa. Mtu alikuwa mtu. Ruksa ya Mwinyi ilipoingia, mtu akawa mteja.

#10 Mzee wa Ilala
Kijana, nakuheshimu lakini historia usiipake rangi. Hospitali za misheni zilikuwa zinatoza, ada ndogo lakini zilitoza, na vijijini ndizo zilizokuwa hospitali zenyewe. Hospitali binafsi za biashara zilikuwepo mpaka zilipopigwa marufuku 1977, zikaruhusiwa tena 1991. Kuchangia gharama hospitali za serikali kukaanza 1993. Hiyo "hata senti moja" yako iweke vizuri.

Na niongeze kitu ambacho vijana hamkukiona. Miaka ya themanini ulikuwa unatibiwa bure kweli, unaandikiwa dawa bure, unakwenda dirishani unaambiwa klorokwini hakuna, gozi hakuna, sindano njoo nayo. Bure ya kitu ambacho hakipo. Watu walikufa wakiheshimiwa sana.

#11 Mjukuu wa TANU
Mzee shikamoo. Za misheni sikuzihesabu, nilikuwa naongelea za serikali. Hoja yangu haiondoki: Azimio liliorodhesha vitu vinne vya kuleta maendeleo, watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Fedha haimo. Likasema fedha ni matokeo, siyo msingi. Sisi tumeligeuza kichwa chini miguu juu.

#12 Mzee wa Ilala
Marahaba. Fedha haimo kwenye vinne, ni kweli. Lakini endelea kusoma kurasa za mbele utakuta juhudi na maarifa. Na wazee kabla ya Azimio walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

#13 BinSeif
Asalaam alaykum. Dini imeligusa hili moja kwa moja. Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza la mtu aliyekufa na deni bila kuacha cha kulipia, akawaambia masahaba msalieni mwenzenu, yeye akasita. Abu Qatada akasema deni lake liko juu yangu. Ndipo akamsalia.

Angalieni: deni lilitiliwa uzito mkubwa, lakini hakuna aliyesema maiti isizikwe mpaka lilipwe. Alitafutwa wa kulibeba. Na baadaye Mungu alipomfungulia, Mtume akawa anasema aliyekufa na deni, kulilipa ni juu yangu, na aliyeacha mali ni ya warithi wake. Yaani dola ndiyo iliyobeba. Hapo Mtumishi wa Wodi utapata jibu la nani alipe.

Kwenye mirathi vilevile, gharama za maziko hutangulia kila kitu, halafu madeni, halafu wasia, halafu warithi.

#14 Mwanafunzi wa Lamu
Sheikh, kwa sisi Mashafii si kila kitu. Haki iliyofungamana na mali yenyewe, mfano kitu alichokiweka rehani, inatangulia hata maziko. Mwenye rehani anachukua chake kwanza.

#15 BinSeif
Ahsante, uko sawa kwa madhehebu yenu na yetu. Lakini rehani hiyo ni ya mali. Hakuna fakihi aliyeandika kwamba mwenye kudaiwa anaweza kujiweka rehani mwenyewe.

#16 Chogo la Mwanza
Naona tumetoka dirisha la malipo tumeingia darasa la fikihi. Mimi nabaki kusikiliza, nisije nikaulizwa swali.

#17 Shangazi wa Machame
Mmeichambua hospitali mpaka mifupa. Sasa tugeuke upande wa pili, maana kule ndiko kunakonuka.

Tulizika mjomba wangu kijijini. Aliugua figo muda mrefu. Kikundi cha WhatsApp cha ukoo kilikuwepo, na watu wenye kazi zao wamejaa humo: Dar, Arusha, wengine Marekani. Kila tukiandika "jamani wiki hii mjomba anatakiwa kusafishwa damu" zinarudi picha za mikono iliyounganishwa na "Mungu ni mwema". Kuna mmoja alituma sala ndefu ya kurasa, nikamwambia hii ungeikata ukatuma nauli.

Mjomba akakata roho alfajiri. Kabla ya saa nne asubuhi kikundi kipya kimefunguliwa, mwenyekiti yupo, mweka hazina yupo, bajeti imetoka na kamati ndogo ya chakula. Jeneza la kioo. Gari mbili za kusindikiza. Turubai, viti vyenye vitambaa, mpishi kutoka mjini, vitenge vya sare, mpiga picha za video, kwaya imelipiwa malazi. Wasiokuwa na elfu kumi ya mgonjwa wakapata laki mbili za marehemu. Siku mbili tu!

Unajua kwa nini? Mchango wa msiba unasomwa hadharani, jina na kiasi, na kipaza sauti juu. Wa mgonjwa unaingia kimyakimya kwenye simu ya mke wake, hakuna anayeona.

Halafu pale mochwari tulipoambiwa kuna bili imebaki, baba mdogo mmoja akapandisha, "hawa watu hawana utu!" Nikamwangalia tu. Bili iliyobaki haikufika hata bei ya jeneza.

Kwa hiyo Mdadisi, hospitali imeweka fedha juu ya mtu, nakubali. Sisi tumeweka maziko juu ya mtu. Yeye mwenyewe, mjomba, mwenye figo zake, hakuwa juu ya chochote.

#18 Kichwa Ngumu
Shangazi umepiga penyewe. Ila vitenge vya sare usiviguse, ndugu zako wa Machame watakuondoa kwenye kikundi.

#19 Shangazi wa Machame
Walishaniondoa.

#20 Mtumishi wa Wodi
Shangazi naomba namba yako nikuletee zawadi. Hiki ndicho ninachokiona kila wiki. Magari yamejaa uwanja mzima, watu wamevaa suti nyeusi, wanaomba msamaha wa bili. Huyo huyo marehemu wiki nzima hakuna aliyemletea uji. Wodini tulikuwa tunamchangia sisi.

#21 Mama Zuhura
Mtumishi usichanganye mambo. Wapo wa suti nyeusi, na wapo waliouza shamba la mihogo. Dirisha lenu linawatambuaje?

#22 Dogo wa Igunga
Wakuu samahani naingilia, mimi ninalo sasa hivi. Baba mkubwa kafariki jana hapa Dar, alikuja kutibiwa. Bili iliyobaki ni milioni mbili na ushee. Tuko watatu, hatuna ndugu mwenye uwezo hapa mjini, gari la kusafirisha tumeshachanga. Mochwari nako kunahesabiwa kwa siku. Naanzia wapi?

#23 Ustawi Mstaafu
Pole kijana. Hizi nadharia ziweke pembeni kwanza. Usiende dirisha la malipo, wale hawana mamlaka ya kukusamehe. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, kila hospitali kubwa ya serikali inayo. Eleza hali halisi, usiongeze chumvi, afisa anatambua. Mpigie mtendaji wa kijiji chenu leo hii aandike barua yenye mhuri kwamba familia haina uwezo, aipige picha akutumie, ya karatasi itafuata. Marehemu kama alikuwa na miaka 60 na kuendelea na hana uwezo, alikuwa na haki ya msamaha toka mwanzo, sema hivyo.

Kuna mambo matatu yanayowezekana: kusamehewa yote, kusamehewa sehemu, au kuandikiana mlipe kidogo kidogo. Omba la kwanza, jiandae na la tatu. Na muwe wapole. Nimeona kesi ya msamaha wa wazi ikiharibika kwa sababu shemeji mmoja alianza kutukana.

#24 Dogo wa Igunga
Nashukuru mzee wangu. Naenda sasa hivi. Baba mkubwa alikuwa na 71.

#25 Mdadisi wa Mbagala
Mnaona? Haki ya mzee wa miaka 71 imeandikwa kwenye sera, lakini hakuna aliyemwambia mgonjwa wala ndugu. Bili wameletewa bila kuombwa, haki inabidi waitafute kwa wazee wa mtandaoni. Hilo linatosha kuonyesha taasisi inamhudumia nani.

#26 Mtumishi wa Wodi
Mdadisi nikuulize swali moja, usikimbilie Katiba. Wewe kesho umepewa ukurugenzi wa hospitali. Msamaha ukishautoa hakuna anayekurudishia hiyo hela kwenye dawa. Utafanyaje?

#27 Mdadisi wa Mbagala
Nitatoa mwili, nitamdai aliyesaini, nitamshtaki kama ana mali. Asiye na mali nitamwandikia hasara na kupeleka hesabu wizarani kila mwezi mpaka wachoke.

#28 Mtumishi wa Wodi
Wizarani wanachoka haraka, wewe utachoka haraka zaidi. Kumshtaki mtu wa milioni mbili aliyeko Igunga, nauli ya mwanasheria peke yake imekula deni. Mwezi wa tatu utakuwa unatafuta kufuli la mochwari.

#29 Kadi Mkononi
Mnazunguka mbuyu. Dawa ni bima. CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii, huko mikoani ilikuwa elfu 30 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita. Elfu 30! Kaya hiyo hiyo inanunua vocha na soda kupita hapo. Na Bunge lilishapitisha sheria ya bima ya afya kwa wote, Novemba 2023. Watu wanasubiri waugue ndipo wakumbuke bima. Mtu anayejithamini anajikatia bima akiwa mzima, halafu hakuna dirisha litakalomzuia, awe hai au amekufa.

#30 Fundi Cherehani
Mimi nimekata hiyo elfu 30. Nimekwenda na mtoto ana homa, nimepewa panadol na karatasi, "nyingine kanunue duka la pale nje". Rafiki yangu hakukata, alilipa taslimu, akapewa foleni ya haraka. Mwaka uliofuata sikurudia. Siyo kwamba sijithamini kaka, najithamini ndiyo maana sitaki kulipa mara mbili.

#31 Muha wa Kigoma
Jirani zetu Burundi walijaribu njia nyingine. Kule wagonjwa walikuwa wanafungiwa hospitalini wengi tu, mpaka Mei Mosi 2006 Rais Nkurunziza akatangaza kwamba kujifungua na matibabu ya watoto chini ya miaka mitano ni bure. Mabadiliko yote hayo kwa siku moja tu, ghafla. Hospitali zikafurika, dawa zikaisha, na hospitali zikakaa zikisubiri serikali iwalipe. Lakini mama aliyekuwa anazalia nyumbani kwa kuogopa kufungiwa, akaenda hospitali. Mimi nina shangazi upande ule, ukimwambia ile amri ilikuwa vurugu atakufukuza nyumbani kwake.

#32 Chogo la Mwanza
Muha umesema kwa siku moja? Mzee wa Ilala atakuja na gozi lake sasa hivi.

#33 Mzee wa Ilala
Nimekuja. Tofauti ni kwamba huko wafadhili waliingiza mkono baadaye. Gozi lilipatikana.

#34 Mkulima wa Hoja
Nimesoma toka mwanzo. Wote mmejenga juu ya kitu ambacho kwetu hakipo, nacho ni mtu mmoja mmoja.

Wakili anasema deni ni la marehemu na ndugu hawahusiki. Sawa kwa sheria ya Uingereza. Lakini nani alimpeleka marehemu hospitali? Ukoo. Nani aliamua apasuliwe au asipasuliwe? Kikao cha ukoo, yeye akiwa amelala hapo hapo anasikiliza. Nani atamzika, wapi, kwa mila ipi? Ukoo, na mjane akibisha anawekwa kando. Mtu tumemfanya mali ya ukoo akiwa hai na akiwa amekufa, halafu bili ikija ndipo tunakumbuka kwamba alikuwa mtu binafsi mwenye deni lake.

Yule mhasibu wa dirishani anajua siri yetu. Hazuii mwili kwa kuwa anaona una thamani kwake. Anauzuia kwa kuwa anajua ukoo hauwezi kulala mtu wao hajazikwa. Kule ambako watu hawajali maziko, mbinu hiyo isingefanya kazi hata wiki moja. Kwa hiyo huo ubaya unaishi kwa kunyonya kitu kizuri tulicho nacho. Sijui ukikiua kimoja kingine kitabaki vipi.

#35 Wakili wa Kijiweni
Mkulima, kwamba mbinu inafanya kazi hakuifanyi kuwa halali. Mtekaji naye anajua kwamba familia inampenda mtoto wao.

#36 Mkulima wa Hoja
Sikusema ni halali. Nimesema kwa nini haifi.

#37 Mwanafunzi wa Lamu
Kwetu pwani tunazika siku hiyohiyo, kwa hiyo kishindo chake ni kikubwa zaidi. Saa sita za kuzuiwa kwetu ni kama wiki ya watu wa bara. Na ndiyo maana mara nyingi msikiti unachangishwa baada ya swala, deni linalipwa kabla ya alasiri. Hospitali inalijua hilo pia. Mkulima ana lake la kweli, ingawa sikulipenda.

#38 Mama Zuhura
Mkulima nimekuelewa nusu. Mdogo wangu hakuna kikao cha ukoo kilichomkumbuka. Kule wodini alikuwa peke yake na mlinzi wa mlango wa choo. Ungekuwepo ungemwona mtu mmoja mmoja wazi kabisa.

#39 Wanjiru wa Thika
Mama Zuhura 👏🏾

#40 Shangazi wa Machame
Naongezea kwa Mkulima: hicho kikao cha ukoo cha kuamua apasuliwe au la, kwa mjomba kilikaa mara kadhaa na kila mara tulikula mbuzi. Mbuzi mmoja angemlipia kadi ya bima ya miaka kadhaa. Nilisema hivyo kwenye kikundi, ndiyo chanzo cha kuondolewa. Vitenge vilikuja baadaye.

#41 Kadi Mkononi
Shangazi, afadhali wewe umeona bima ni hesabu rahisi.

#42 Fundi Cherehani
Mbuzi angalau unaliwa. Panadol na karatasi haviliwi.

#43 Dogo wa Igunga
Wakuu mrejesho. Afisa ustawi mama mmoja muungwana sana. Barua ya mtendaji imekubalika kwa picha. Wamesamehe zaidi ya nusu, inayobaki nimesaini kulipa kila mwezi. Mwili tumekabidhiwa saa tisa. Mungu awabariki, hasa Ustawi Mstaafu.

Ila niseme ukweli, yule kijana wa dirisha la malipo tuliyekuwa tunamwona adui ndiye aliyetuelekeza mlango wa ofisi yenyewe, tena alitusindikiza. Akasema tusimtaje.

#44 Mtumishi wa Wodi
Mmemsikia.

#45 Mdadisi wa Mbagala
Nimemsikia. Kwa nini asitajwe? Mtu anafanya jema analificha kama kosa, kwa sababu bosi wake atamuuliza kwa nini mapato yameshuka. Huyo kijana ni mtu, dirisha ndilo taasisi. Mnazidi kunipa ushahidi.

#46 Mtumishi wa Wodi
Na wewe kila kitu ni ushahidi wako. Mvua ikinyesha nayo ni ushahidi.

#47 Wakili wa Kijiweni
Dogo, pole na hongera. Swali moja la haraka kabla hamjaondoka mjini. Umesaini kama nani? Kama mdhamini, deni ni lako binafsi hata mirathi ikiwa tupu. Kama mwakilishi wa familia mpaka msimamizi wa mirathi ateuliwe, ni kitu kingine kabisa. Piga picha hiyo karatasi, ficha majina, itume hapa tuisome.

#48 Dogo wa Igunga
Wakili, tumeshapita Chalinze. Karatasi anayo mjomba na yuko gari la mbele. Tukisimama Morogoro nitamwomba.